Mwalimu Ndunda na Neno Nililochelewa Kusema

Wenzangu wa kliniki ya macho, siku mliponifanyia chai ya kuniaga nikistaafu mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli: asanteni, Mungu awabariki, nikaketi. Msidhani nilikosa la kusema. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na nilifundishwa zamani kwamba mgonjwa wa macho hangojeshwi kwa sababu ya keki. Sasa niko nyumbani Emali, nina wakati mwingi kuliko ninavyojua kuutumia, kwa hivyo wacha niwaandikie yale ambayo ningesema. Habari za vyeo nitaziruka. Hizo ziko kwenye faili na hakuna anayezisoma hata huko. Nitawaeleza kuhusu chumba, kuhusu Sista Kavata, na kuhusu mgonjwa mmoja niliyemkosea.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitali ndogo upande wa Kitui, si mbali na Migwani. Chumba cha macho kilikuwa cha mwisho kabisa, baada ya stoo ya magodoro, kwa sababu sisi tulihitaji giza na hakuna mwingine aliyelitaka. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi jeusi lililopigiliwa misumari. Ndani nilikuta kiti cha kuzunguka kisichozunguka, ubao wa herufi E, tochi moja, kile chuma kidogo cha kupimia presha ya jicho, na Sista Kavata.

Sista Kavata alikuwa muuguzi aliyekaa kwenye macho miaka mingi kuliko ile niliyokaa shuleni. Mbele ya wagonjwa aliniita daktari, ingawa kwa vyeti mimi ni tabibu wa macho. Tukibaki wawili aliniita kijana. Asubuhi ile ya kwanza nilimmulika mzee mmoja kwa tochi machoni bila hata kumsalimia, nikitaka sista aone nimesoma. Mzee alipotoka, sista alinipokonya tochi akanimulika mimi usoni.

"Unaniona?" akauliza.

"Sikuoni, sista."

"Basi na yeye hakukuona. Mtu amekuja kwa sababu ya giza na wewe umemwongezea. Kwanza mwambie jina lako. Halafu mshike bega. Tochi baadaye."

Mengine alinifundisha hivyo hivyo, bila kunibembeleza. Kile chuma cha presha kipanguse kwa spiriti, kisha ungoje kikauke kabisa, usije ukamchoma mtu jicho. Mgonjwa akisema anaona vizuri, muulize aliyekuja naye. Akiwa amekuja peke yake, muulize leo amejikwaa wapi. Na kama una habari mbaya, keti kwanza. Hilo la mwisho nililiandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu, nikaona nimeshalijua.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la mbegu pale Migwani. Mke wangu Mwikali alibaki Emali na duka lake la nguo, na tulionana mwisho wa mwezi. Kazi ya macho ina upweke wake, na ni vizuri muujue mapema. Wenzenu wa wodi watakuwa wakishauriana mezani wakati wa chai. Wewe utakuwa gizani peke yako, umeinamia jicho la mtu, pua zenu karibu zigusane, na hamjuani. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja. Sijawahi kujua kipimo chake. Kila mara ulibaki.

Baadaye nilirudi chuo, nikasomea kuondoa mtoto wa jicho, nikarejeshwa kituo kile kile. Hapo watu wakaanza kunijua. Mtu anaingia ameshikwa mkono, kesho yake tunafungua bandeji, anatoka akitembea mwenyewe. Hakuna kazi nyingine hospitalini inayopigiwa vigelegele namna hiyo, isipokuwa ya wakunga. Nilivizoea vigelegele. Nawaambia ukweli, nilivipenda.

Ni mama mmoja aliyenitoa kwenye furaha hiyo. Aliitwa Syombua, mjane wa makamo ya juu, haoni macho yote mawili kwa miaka minne. Aliletwa na mke wa mwanawe. Upasuaji ulienda vizuri. Nilipofungua bandeji alinitazama akasema, "Kumbe wewe ni mtoto tu!" na sote tukacheka. Wiki mbili baadaye alirudi kuangaliwa. Alisoma ubao mpaka mstari wa karibu na mwisho, akionyesha kwa vidole, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu, "macho yako ni mazuri sana. Mbona huna furaha?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mke wa mwanawe aliyekuwa mlangoni. "Mwambie daktari mbuzi zangu ziko wapi."

Yule mke wa mwana alilia. Kiangazi kilikuwa kimemaliza mbuzi wote, na kwa kuwa mama haoni, hawakumwambia. Kila jioni walipokuwa wakipita mbuzi wa jirani, mama alisikia kengele akauliza wamerudi wote, naye akajibiwa wamerudi wote. Kwa miaka miwili alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili ya mifugo ya watu wengine.

"Hawakutaka niumie," Syombua akasema. "Sasa nimeumia, na tena najua walikuwa wakinionea huruma nyuma yangu. Bora ningeumia mara moja."

Walipoondoka, Sista Kavata alikuwa akikunja bandeji. Alisema bila kuniangalia, "Umesikia, kijana?" Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Mwalimu Ndunda alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, mtu mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mke wake alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Katunge, alikuwa ameolewa Mombasa. Alikuja peke yake. Nilimuuliza leo amejikwaa wapi, akacheka kidogo akasema hajajikwaa popote. Lakini nilikuwa nimeona goti la suruali yake lina vumbi jekundu.

Nilimlaza, nikamtia matone ya ganzi, nikapima presha. Nilipima mara tatu, nikitumaini nimekosea. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia nje kupitia tundu la ufunguo. Presha ya macho huanza kula pembeni, polepole, bila kuuma, na inachokula hakirudi. Mtoto wa jicho tunamwondoa na mtu anaona. Hii tunaweza tu kuizuia isile zaidi, kwa matone kila asubuhi na kila jioni, maisha yote.

Yote hayo niliyajua. Nilimwambia nusu. Nilimwambia ana presha ya macho, nikampa matone, nikamwonyesha jinsi ya kuyatia. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayejibu vizuri. Kisha akauliza, "Na hili la kushoto, mtalipasua lini? Syombua ni jirani yangu. Alikuwa haoni kabisa, na sasa anachambua mchele."

Mlangoni palikuwa na watu wengi siku hiyo. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Nilikuwa nimesimama. Nikasema, "Tutaona, Mwalimu."

Nyinyi mnaelewa nilichomaanisha. Ni neno tunalolitupa kila siku. Mtu anakuomba kitu, hutaki kukataa, unasema tutaona. Yeye alikuwa mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini, lakini siku hiyo alikuwa mgonjwa, na mgonjwa husikia neno lilivyo. Alisikia kwamba ataona.

Alikuja kila mwezi, mwaka mzima na zaidi. Nilizoea kumwona kwenye benchi, ameketi wima, kofia kwenye magoti. Kila mara aliuliza lini, na kila mara nilijibu tutaona. Tulizoeana. Alinihadithia mambo ambayo nadhani hakumhadithia mtu mwingine. Kanisani alikuwa ndiye msomaji wa neno, tangu ujana. Herufi zilipoanza kumkimbia, alikariri sura usiku kabla ya ibada ili asimame ashike Biblia kama anayesoma. Siku moja mchungaji alibadilisha sura dakika ya mwisho. Mwalimu alisimama, akafungua Biblia, akakaa kimya mbele ya watu, akaifunga, akaondoka. Hakurudi tena. Watu walisema amekasirishwa na mchungaji.

"Na sokoni ni vile vile," akaniambia. "Mtu akipita upande huu simwoni. Anangoja nimsalimie, mimi ndiye mkubwa. Simsalimii. Kesho yake naye ananyamaza. Nasikia wakisema Mwalimu siku hizi anaringa."

"Kwa nini usiwaambie kwamba huoni?"

"Niwaambie nini, daktari, na wewe unanitibu? Nikishaona nitawasalimia wote."

Hapo ndipo nilipaswa kuketi nimwambie. Nilifungua mdomo. Nilikuwa mtu wa pekee aliyekuwa akizungumza naye kwa mwezi mzima, na yeye, niseme kweli, alikuwa karibu mtu wa pekee aliyezungumza nami kuhusu jambo lisilokuwa jicho. Niliogopa kumpoteza. Nikaandika matone mengine.

Kisha akakosa mwezi mmoja, akakosa na wa pili. Nilijiambia amesafiri kwa binti yake. Mwezi wa tatu aliletwa na Syombua, amemshika mkono. Shati halikuwa limepigwa pasi. Nilimmulika jicho la kulia kwa tochi na hakupepesa.

"Mwalimu, matone umekuwa ukitia?"

"Niliacha," akasema kwa utulivu. "Nilihisi yanachelewesha. Nikaona afadhali jicho lipumzike liwe tayari kwa upasuaji. Si ulisema tutaona?"

Sista Kavata alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akiacha alichokuwa akifanya. Nilimwandikia Mwalimu dawa ambayo haikuwa na kazi tena, nikamwambia nitapita kwake. Walipotoka, sista alifunga mlango. Nilingoja anigombeze.

"Utaenda lini?" akauliza tu.

"Jumamosi."

"Nenda. Na usichukue mtu. Hii ni yako."

Jumamosi nilifika kwake saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa ya matofali, uwanja umefagiliwa na Syombua, na kamba ilikuwa imefungwa kutoka mlangoni mpaka chooni. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilitaja jina langu. Akaniambia kiti kingine kiko upande wa kulia. Niliketi.

Nilimwambia yote. Kwamba jicho la kushoto lilikuwa limekwisha tangu siku ya kwanza na nilijua. Kwamba hapakuwa na upasuaji wa kulirudisha, si hapa, si Nairobi, si popote. Kwamba matone yangeweza kulilinda la kulia, na kama ningemwambia wazi hangeyaacha. Kwamba nilinyamaza kwa sababu niliona vigumu kusema. Sikutafuta neno laini. Nilipomaliza nilisikia kuku wakiparua ukutani.

Aligeuza uso kutoka kwenye jua. Kisha akasema, "Mimi nimefundisha watoto wengi. Mtoto asipojua jibu anasema tutaona?"

"Hapana, Mwalimu."

"Anasema nini?"

"Anasema sijui. Au anasema haiwezekani."

"Haya. Umejibu." Akainua mkono kuelekea lango. "Sasa nenda, daktari. Sikufukuzi. Lakini nenda."

Nilienda. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilifika chumbani kwangu mchana, nikavua viatu, nikakaa kitandani na koti langu mpaka jua likaondoka dirishani. Nilitaka kumpigia Mwikali simu, nikashindwa nianzie wapi.

Wiki kadhaa baadaye Syombua alikuja kliniki kuchukua miwani ya kusomea. Aliniambia kwamba Jumapili inayokuja Mwalimu anarudi kanisani, ameomba apelekwe. Hakuniambia nije. Nilienda mwenyewe, nikakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango.

Wakati wa matangazo Mwalimu alisimama. Syombua alimwongoza mpaka mbele akamwacha. Alikuwa amevaa lile shati, limepigwa pasi tena. Alizungumza kwa ile sauti ya darasani.

"Nimesikia mnasema naringa," akasema. "Wengine mmesema salamu zenu sizitaki. Mimi sikuringa. Mimi sioni. Jicho moja lilienda zamani, la pili limeenda juzi. Nilipita karibu nanyi sikuwaona. Nilisimama hapa na Biblia sikuiona. Sikusema kwa sababu nilikuwa nangoja kuona kwanza. Sasa singoji. Anayetaka kunisalimia, aje aniambie yeye ni nani."

Kisha mzee mmoja wa mbele aliinuka, akamshika mkono. "Mimi ni Kioko. Tulipishana pale posho mili, kwenye kinu cha unga." Akafuata mwingine. "Mimi ni Mumbua, Mwalimu, ulinifundisha darasa la tatu." Walipanga foleni mpaka katikati ya kanisa, kila mtu akitaja jina lake, wengine wakilia. Mchungaji aliacha ratiba.

Watu walipopungua, Mwalimu aliinua kichwa. "Daktari wangu wa macho amekuja?"

Nilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Watu waligeuka kutazamana. Wengi hawakunijua bila koti jeupe. Nilipaswa kusema niko hapa. Maneno mawili. Niliinamisha kichwa, nikachopoka nje kabla ya wimbo kuanza, nikatembea barabarani kama mwizi.

Kliniki iliyofuata alikuja, ameletwa na yule mzee Kioko, akaketi mbele yangu.

"Jumapili ulikuwepo," akasema. "Nilikujua kwa kikohozi chako."

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Nilitaka kuwaambia kwamba kati ya watu wote, wewe ndiye uliyekuja nyumbani ukaniambia ukweli. Ulichelewa, lakini ulikuja. Ukaninyima nafasi."

"Niliona aibu."

"Ndiyo," akasema. "Najua sasa inavyokuwa, kukaa peke yako na kitu kama hicho. Usikae nacho sana." Kisha akamuuliza Kioko kama mvua imefika upande wa kwao, na hatukulirudia jambo hilo.

Mwaka uliofuata nilihamishwa Makueni. Sista Kavata alistaafu mwezi huo huo. Alinipa mkono, akaniita daktari ingawa tulikuwa wawili, na sikujua kama ni sifa au ni kuagana tu. Miaka yangu ya Makueni mnaijua, mingine tulikuwa pamoja. Mlikuwa mkinicheka kwamba nikiwa na habari mbaya natafuta kiti kwanza, hata kama mgonjwa mwenyewe amesimama. Mwenzenu mmoja aliniuliza mbona sitoi neno la kutumainisha. Nilimjibu kwa mkato, naye akanuna. Samahani. Natumaini sasa unaelewa.

Mwikali alifariki nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Kwa miaka yote ile tulisema tutaishi pamoja nikimaliza. Nilipofika nyumbani na masanduku yangu, majirani walinisalimia kama mgeni, na walikuwa na haki, maana mimi ni mtu wa mwisho wa mwezi. Wanamjua mume wa Mwikali. Mimi hawanijui.

Wiki tatu zilizopita Syombua alinipigia simu. Sijui namba yangu aliipata kwa nani. Alisema Mwalimu Ndunda amelala na hakuamka, na mazishi ni Ijumaa.

Nilitoka Emali alfajiri nikafika watu wakiwa wameshaketi chini ya turubai. Mwenye kuongoza aliita familia, akaita kanisa, akaita walimu. Kisha akauliza kama kuna mwingine. Nilisimama. Nilitaja jina langu na kazi yangu, nikaelekea mbele. Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimtibu Mwalimu, kwamba nilimficha ukweli zaidi ya mwaka, na kwamba kwa sababu hiyo alipoteza jicho ambalo lingeweza kubaki. Niliwaambia kwamba aliuliza kanisani kama nipo, nami nikakimbia. Sikuongeza. Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyenizomea. Nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki, viti vya pande zote mbili vikiwa vitupu.

Baada ya kaburi kufunikwa nilishika njia ya kwenda stendi. Nikasikia mtu akiniita daktari. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ule ule mgongo ulionyooka. Nilijua ni Katunge kabla hajasema.

"Baba alinieleza zamani," akasema. "Kila nilipokuja alisema, kama yule daktari atakuja, apewe chakula."

Akatazama nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Alinirudisha uwanjani, akaniketisha kwenye kile kiti cha mbao, akaniletea sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Wageni walikuwa wengi na kazi ilikuwa tele, watu wakimwita kila upande. Alivuta kiti kingine, akakaa karibu nami, na hakuondoka mpaka nilipomaliza kula.